Upanga wa Ulaya: nikatie migomba au niache?

Habarini wakuu. Nipo Kibosho, Moshi. Nina nakala ya upanga wa Ulaya wa karne ya 15, ule wenye mpini wa kushika kwa mkono mmoja au miwili. Kilo 1.4, sentimita 110. Naupenda mno. Mgomba ukishatolewa mkungu unakatwa tu, basi jana nikaufanyia zoezi mmoja. Ukapita safi, ila mpini ukacheza. Niendelee?

Jibu: Hapana ndugu, uweke chini! Chuma kinatakiwa kipite ndani ya mpini mpaka kwenye kirungu cha mwisho wa mpini. Panga za mapambo mara nyingi zina kijiti chembamba kilichochomelewa. Kikikatika, ubapa wote unaruka na watoto wapo uani.

Jibu: Nafua sime hapa Arusha, kwa springi za Landrover. Kama chuma chako ni cha aina isiyoshika kutu, kitundike ukutani tu, maana upanga mrefu wa chuma hicho huvunjika. Na utomvu wa mgomba ufute hapohapo, upake mafuta ya cherehani. Mimi umenilia sime nzuri kwa usiku mmoja.

Muuliza: Nimefungua kirungu. Chuma ni kipana, kimefika mwisho. Nati ndiyo ililegea. Madoa meusi ya utomvu yameshaanza, nayasugua sasa hivi.