Amilezi kwenye pumba za ngano: chupa inatoa vizuri, trei hazitoi

Muuliza swali
Wakuu, nachachusha pumba za ngano kwa kuvu Aspergillus oryzae nipate amilezi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Chupa yenye gramu 10 za pumba inatoa vizuri. Kwenye trei zenye pumba kina cha sm 8, chumba kikiwa 30°C, saa 72 zikipita katikati pamekauka, panatoa harufu ya amonia, na nguvu ya kimeng'enya kwa kila gramu haifiki nusu ya ile ya chupa. Mbegu ya kuvu ni ile ile.

Jibu 1
Punguza kina kwanza. Pumba hazipitishi joto, na kuvu ikishika kasi, kuanzia kama saa ya 16, hutoa joto jingi. Katikati ya sm 8 panaweza kuvuka 45°C hata chumba kikiwa 30°C. Kuvu inadumaa, maji yanapotea, bakteria wa Bacillus wanatawala. Amonia hiyo ni dalili kwamba protini inavunjwa.

Weka sm 3, chomeka kipimajoto katikati, na kikisoma 38°C geuza pumba kwa mikono yenye glavu safi. Unyevu wa hewa chumbani uwe asilimia 90 au zaidi.

Hao Bacillus huenda hawakutoka nje. Spora zao hustahimili joto, na dakika 20 za otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo) kwa 121°C zinazotosha chupa hazifiki katikati ya trei nene. Zipike pumba kwenye otoklevu hiyo, ndani ya mifuko ya gramu 200 iliyolazwa bapa, dakika 40, kisha mimina kwenye trei safi zikipoa.

Jibu 2
Naongeza kuhusu maji. Pumba kavu za dukani huwa na unyevu wa asilimia 12 hivi, kwa hiyo gramu 100 zinahitaji ml 120 kufika asilimia 60. Ukifinya ngumi zishikane bila kuchuruzika. Mbegu: spora milioni 1 hadi 10 kwa kila gramu, zihesabiwe kwa hemositomita (kioo cha kuhesabia seli kwa hadubini), kupima kwa kijiko hakufai. Na kuvu itoke kwenye hazina ya vijidudu inayoaminika. Ukungu wa kijani uliookotwa kwenye mahindi unaweza kuwa Aspergillus flavus, ndugu wa karibu anayetengeneza sumukuvu.

Muuliza swali
Shukrani sana. Napima kwa DNS, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari, kwa mwanga wa nanomita 540. Sampuli ya kulinganishia ni bafa (maji ya kudhibiti asidi) tupu.

Jibu 1
Basi hata namba ya chupa imevimba, mkuu. Maji ya pumba yana sukari yake, na DNS haijui imetoka wapi. Kila sampuli iwe na ya kulinganishia yenye wanga na kimeng'enya kile kile, ila DNS itangulie ndipo kimeng'enya kifuate. Kisha gawanya kwa uzito mkavu. Trei iliyokauka na chupa yenye maji hazilinganishwi kwa gramu mbichi.