Menejimenti ya kituo chetu cha umma cha kanda inaua mtambo, habari na maktaba kwa mpigo

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa viongozi wa kituo cha utangazaji cha umma cha kanda yetu: mkurugenzi, wakuu wa idara wanaomzunguka, na bodi iliyokaa juu yao. Jina silitaji. Wanaokisikiliza wanakijua, na wa kanda nyingine wengi watakikuta cha kwao humu humu. Wasikilizaji wanalalamika redio inakoroma, wafanyakazi wananong'ona kwenye korido, na kila anayeuliza anajibiwa "bajeti finyu". Si kweli. Fedha ni tatizo, lakini sehemu kubwa ya kinachokiua kituo hiki haihitaji fedha. Inahitaji kiongozi anayejua anaongoza nini.

Tuanze mnarani, maana huko uozo unaonekana kwa namba.

Mtambo wa FM wa siku hizi haufi ghafla. Ndani una moduli kadhaa za nguvu, yaani visanduku vya kukuza mawimbi, zinazofanya kazi sambamba, na nguvu zao zinajumlishwa kabla ya kupelekwa kwenye antena. Mtambo wenye moduli 8 ukipoteza moja, haubaki na sehemu saba kati ya nane za nguvu, kama wanavyodhani wanaosaini taarifa za robo mwaka. Sehemu ya nguvu ya moduli zilizobaki inaishia kwenye vipingamizi vya kijumlishi (kifaa kinachojumlisha nguvu za moduli) na kugeuka joto. Hesabu yake ni hii: gawanya idadi ya moduli zilizo hai kwa idadi ya moduli zote, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Ikifa moja unabaki na asilimia 77 hivi. Zikifa mbili, 56. Zikifa tatu, 39. Sasa menejimenti inaandikiwa na fundi "moduli 3 mbovu kati ya 8", nayo inapeleka kwa bodi sentensi moja: "Mtambo unafanya kazi." Hiyo maana yake wameridhia kituo kirushe matangazo chini ya nusu ya nguvu yake, na wanaokatwa kwanza ni watu wa pembezoni ambao hawana redio nyingine ya kuwapa habari za kwao.

Na moduli hazifi kwa bahati mbaya. Mtambo wa kW 5 wenye ufanisi wa asilimia 65 unavuta karibu kW 7.7 za umeme, na zile kW 2.7 zinazobaki zinatoka kama joto ndani ya chumba kile kidogo. Chujio la hewa likiziba kwa vumbi, feni zinazunguka lakini hewa haipiti, joto linapanda, mtambo unajipunguza nguvu wenyewe ili usiungue, na mwisho moduli inaondoka. Chujio ni kitu cha kuosha au kubadilisha kila mwezi, na mara nyingi zaidi wakati wa vumbi. Hakihitaji zabuni. Kinahitaji fundi afike mlimani uliko mtambo kwa gari lenye mafuta. Lakini gari la ufundi ndilo la kwanza kuchukuliwa ofisi ya mkurugenzi inapokuwa na ugeni, na safari ya mlimani ndiyo ya kwanza kuahirishwa fungu la mafuta likipungua. Fungu la vikao sijawahi kusikia limepungua.

Jambo la pili la mnarani ni nguvu inayorudi. Kwenye paneli ya mtambo kuna namba mbili: nguvu inayokwenda kwenye antena na nguvu inayorudi kutoka huko. Kwa mtambo wa kW 5, watt 50 zikirudi ni asilimia 1, hakuna shida. Zikifika 200 ni asilimia 4, hapo mtu lazima apande mnara akaangalie. Mara nyingi kosa ni unyevu. Fida nene zenye uwazi ndani, yaani kebo zinazopeleka nguvu kutoka mtamboni hadi kwenye antena, hujazwa hewa kavu au naitrojeni, na geji ya msukumo iko chini pale pale, mtu yeyote anaweza kuisoma. Msukumo ukishuka, maana yake pana mvujo, maji yanaingia kwenye viungio, nguvu inayorudi inapanda, na mtambo unajikata au kujipunguza kila mvua inaponyesha. Fundi anaandika namba hizi kwenye daftari la mtambo. Daftari lipo, limejaa, na hakuna hata mmoja wa menejimenti anayelifungua.

Kwa nini halifunguliwi? Kwa sababu mkuu wa ufundi si mjumbe wa kikao cha menejimenti. Anaitwa "mwalikwa", anasubiri nje, anaingizwa dakika za mwisho kueleza kwa nini matangazo yalikatika. Waliomo ndani ni utawala, fedha, masoko, rasilimali watu na uhusiano. Kituo cha utangazaji kinaamuliwa mambo yake bila mtu wa mtambo, na mhariri mkuu naye yumo kama kaimu. Ukaimu huo ni ugonjwa peke yake. Kaimu hana uhakika na kiti, hasaini manunuzi makubwa, hamkatalii mkubwa, na hapangi jambo la mwaka kesho. Idara ikiongozwa na makaimu mfululizo, madaraka yote yanabaki kwa mtu mmoja, na bodi inajua hivyo, inanyamaza.

Kukatika kwenyewe nako kuna dawa rahisi. Studio na mtambo vimeunganishwa kwa linki moja. Ikianguka, mnara unarusha ukimya. Kinachotakiwa ni njia ya pili, hata kama ni kodeki (kifaa cha kusafirisha sauti kidijitali) inayopita kwenye intaneti, pamoja na kifaa cha kugundua ukimya pale mtamboni: sauti ikikosekana kwa sekunde 20 au 30 kinahamia njia ya pili, nayo ikiwa imekufa kinawasha kichezeo chenye kadi ya kumbukumbu. Jenereta vivyo hivyo. Inakaguliwa kwa kuwashwa ikiwa na mzigo, si kuungurumishwa tupu dakika 5 ili fomu ijazwe, na betri ya kuwashia ndiyo ya kuangaliwa kabla ya kitu kingine, maana jenereta nyingi zinazogoma zinagomea hapo.

Tuje kwenye habari, ambako hasira yangu ni kubwa zaidi.

Kituo cha umma cha kanda kipo kwa sababu moja: kusema yanayotokea kwenye kanda ambayo makao makuu hayatayasema. Maji yamekatika wapi, barabara ipi imefungwa na mafuriko, baraza limepitisha nini, zahanati ipi haina dawa. Sasa sikilizeni taarifa ya habari ya dakika 10. Habari ya kwanza, mgeni rasmi kafungua semina. Ya pili, mgeni rasmi mwingine kapokea msaada. Ya tatu, mkurugenzi wa kituo mwenyewe katembelewa ofisini. Ukiondoa hali ya hewa na michezo, hazibaki dakika 2 za wananchi. Halafu kipindi kinachofuata, "tunajiunga na makao makuu", na kanda imekwisha hapo.

Hii haitokei kwa waandishi kutojua kazi. Inatokea kwa mfumo uliowekwa na viongozi, na hatua zake zinajulikana. Mwakilishi wa kijijini analipwa kwa kila habari iliyotumika. Malipo yanacheleweshwa miezi. Hana nauli ya kufuata habari, kwa hiyo anakwenda kwenye shughuli ambazo mwandaaji anampa usafiri na bahasha. Mwandaaji mwenye bahasha ni ofisi, shirika au mfanyabiashara, si mkulima. Habari inayorudi studio tayari imeshachaguliwa na aliyelipa nauli. Ukija dawati la habari, saa moja kabla ya kwenda hewani simu inapigwa kutoka juu: weka hii, toa ile. Simu haina kumbukumbu, kwa hiyo lawama ikija anabebeshwa mhariri wa zamu. Kanuni ya kuzuia hili haigharimu chochote: agizo lolote la kuingiza au kutoa habari lije kwa maandishi, liwe na jina la aliyelitoa, libandikwe kwenye kumbukumbu ya zamu. Menejimenti imekataa kanuni hiyo, na kila mtu kwenye chumba cha habari anajua kwa nini.

Idara ya masoko nayo imepewa rungu. Inauza saa nzima za jioni kwa wauza dawa zinazodai kutibu kila kitu, na kipindi hakitangazwi mwanzoni wala mwishoni kwamba kimelipiwa. Msikilizaji anaamini redio ya umma imemhakikishia dawa. Mtu akiacha matibabu ya kisukari kwa sababu hiyo, nani atajibu?

Halafu maktaba. Hapa nawaomba mnaopenda historia mkae vizuri.

Mikanda ya sumaku ya robo inchi ina sauti za wazee, ngoma, hotuba na vipindi vya miaka mingi, na mingi haina nakala popote. Imerundikwa chumba kisicho na kiyoyozi, kwa kuwa chumba chake cha zamani kimegeuzwa ofisi. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye baadhi ya mikanda inanyonya unyevu na kulainika. Ukiucheza mkanda wa hivyo unapiga kelele na kuacha ukoko wa kahawia kwenye vichwa vya mashine, na ule ukoko ndio sauti yenyewe inabanduka. Mkanda wa namna hiyo haulazimishwi. Mtaalamu huupasha joto la takriban nyuzi 50 kwa saa kadhaa, kisha hunakili mara moja. Na ule wa asetati (aina ya plastiki ya mikanda ya zamani), unaonuka siki, haupashwi kabisa, maana utaharibika. Aliyepewa kazi ya maktaba hajafundishwa hata hili. Mafunzo wamekwenda watu wa utawala.

Msidanganywe kwamba kunakili ni mradi wa mabilioni. Saa moja ya sauti ya stirio kwa ubora wa juu wa kHz 96 na biti 24 ni gigabaiti 2 na kidogo. Saa 1,000 zinaingia kwenye diski ya terabaiti 4 na karibu nusu yake inabaki wazi. Chukua diski tatu zenye nakala ile ile, mbili zikae majengo tofauti na moja nje ya kituo. Gharama halisi ni mashine nzima ya kuchezea, fundi anayeijua, na muda. Badala yake wamenakili mikanda michache kwa MP3 ya kiwango cha chini, wakapiga picha na mgeni rasmi, na kuna fununu ya kuitupa mikanda "iliyokwisha kunakiliwa". Yeyote mwenye sauti kwenye bodi azuie hilo wiki hii.

Kuna watakaosema nazidisha, kituo cha umma hakiwezi kufa. Someni yaliyotokea Valencia, Hispania. Kituo chao cha umma cha kanda, RTVV, kilishutumiwa miaka mingi kwa kuitumikia serikali ya jimbo. Ajali ya treni ya chini ya ardhi ya Julai 2006 iliua watu 43, na kilio cha familia zao hakikupewa nafasi hewani. Madeni yakapita euro bilioni 1. Mwaka 2013 mahakama ilipobatilisha mpango wa kufukuza wafanyakazi kwa mkupuo, serikali ya jimbo ikaamua kukifunga, na tarehe 29 Novemba mitambo ikazimwa. Siku za mwisho wafanyakazi waliwaomba radhi wasikilizaji wao hewani. Televisheni ya umma ya jimbo, À Punt, ilikuja kuanza 2018. Na Ujerumani, Agosti 2022, mkurugenzi mkuu wa RBB, kituo cha umma cha Berlin na Brandenburg, aliondolewa kwa tuhuma za matumizi, zikiwamo za ukarabati wa ghorofa ya wakubwa, tuhuma ambazo alizipinga. Swali kubwa lililobaki kule lilihusu mabaraza ya usimamizi: yalikuwa yanasimamia nini muda wote huo? Swali hilo linaihusu bodi yetu moja kwa moja.

Bodi inayotaka kufanya kazi iombe karatasi moja kila mwezi: nguvu inayokwenda na inayorudi kwa kila mtambo, idadi ya moduli hai, dakika za kukatika na sababu yake, saa za vipindi vilivyotengenezwa kandani, malimbikizo ya malipo ya wawakilishi wa vijijini, na orodha ya vipindi vyote vilivyolipiwa. Namba hizo zote zipo tayari kwenye madaftari. Mkuu wa ufundi na mhariri mkuu wawe wajumbe kamili wa menejimenti, wathibitishwe, na waitwe mbele ya bodi bila mkurugenzi kukaa chumbani.

NYONGEZA: Wadau mnaouliza msikilizaji wa kawaida afanye nini. Malalamiko ya "redio haisikiki" hayafiki popote. Andika masafa, mahali ulipo, tarehe, saa, aina ya redio, na kama ni ukimya mtupu, mkoromo, au redio nyingine inaingilia. Badili redio iwe mono ikiwa inaruhusu: mkoromo ukipungua sana, ni dalili kwamba mawimbi yanakufikia yakiwa dhaifu. Ukimya mtupu wakati mawimbi yapo unaelekeza kwenye linki au studio. Rekodi dakika moja kwa simu. Barua iende kwa mwenyekiti wa bodi, nakala kwa mamlaka inayotoa leseni ya masafa, na omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.