Mke wangu anasema pumzi yangu hukatika usingizini: nianzie wapi?

Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu. Nina umri wa miaka 47, na kwa mwaka mzima sasa naamka nimechoka kuliko nilivyokuwa wakati wa kulala. Asubuhi kichwa huniuma, kinywa huwa kikavu, na usiku huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Nilipimwa sukari na wingi wa damu, majibu yakawa mazuri. Tatizo lililobaki ni shinikizo la damu, ambalo limekataa kushuka ingawa natumia dawa za aina mbili. Niliambiwa nipunguze mawazo, nikarudi nyumbani.

Wiki iliyopita mke wangu alinieleza jambo lililonitia hofu. Anasema nikiwa katikati ya kukoroma sauti hukatika ghafla, kifua kikawa kinahangaika lakini hewa haiingii, kisha nashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka majini. Mimi sikumbuki lolote. Je, huu ni ugonjwa, au ni kukoroma tu? Na nikirudi hospitali niseme nini?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Shahidi wa maradhi haya ni yule mnayelala naye chumba kimoja, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huwa amelala. Hali hiyo huitwa apnia ya usingizi, na aina yake inayoonekana zaidi hutokea pale misuli ya koo na ulimi inapolegea hadi njia ya hewa ikajifunga. Oksijeni hushuka, ubongo hushtuka na kukuamsha kwa muda mfupi mno usioukumbuka, njia inafunguka, unalala tena, na mambo yanajirudia usiku kucha. Kila mshtuko huo hupandisha shinikizo la damu, na ndiyo maana dawa zako zinaonekana kama hazifanyi kazi. Hata safari za haja ndogo zina uhusiano: kifua kinapovuta dhidi ya njia iliyoziba, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo zitoe maji zaidi.

Si kila anayekoroma ana apnia. Vilevile wapo wenye apnia ambao hawakoromi kwa kishindo, hasa wanawake, wanaolalamikia uchovu na usingizi wa mang'amung'amu mpaka wakatibiwa sonona kwa miaka.

Barakoa Kila Usiku

Mimi nilipimwa na kukutwa nayo, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili. Usimwambie daktari kwamba umechoka, maana kila anayeingia mle ndani amechoka. Mwambie kwamba mkeo ameshuhudia pumzi ikikatika, kwamba presha haishuki kwa dawa mbili, na kwamba unasinzia mchana, ukitaja mahali hasa: kwenye kikao, mbele ya runinga, au ukiwa kwenye usukani. Mkeo akurekodi kwa simu dakika chache, kisha uende naye. Huenda ukaulizwa maswali 8 ya dodoso liitwalo STOP-Bang, yakiwemo umri, uzito na mzingo wa shingo. Majibu ya ndiyo kuanzia 5 humweka mtu kwenye hatari kubwa. Dodoso, hata hivyo, halithibitishi ugonjwa. Omba kipimo cha usingizi.

Kipimo hicho hufanyika kwa njia mbili. Unaweza kulala nyumbani na kifaa kinachopima mtiririko wa hewa puani, mwendo wa kifua na oksijeni kidoleni, au ukalala kwenye maabara ya usingizi, ambako pia hupimwa mawimbi ya ubongo. Kinachohesabiwa ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi: 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Mimi nilikuwa na 38. Kipimo cha nyumbani kikitoka safi ilhali dalili zipo, usikubali mambo yaishie hapo, kwa sababu kinaweza kuhesabu pungufu; dai cha maabara.

Mzee wa Ubavu

Mnamtisha bure. Alale kwa ubavu, apunguze uzito, na akikosa usingizi ameze kidonge cha kumlaza.

Muuguzi Mstaafu

Mzee wangu, ubavu na uzito nakubaliana nawe, kwani huwasaidia wengi. Kidonge hapana. Dawa nyingi za usingizi, kama ilivyo pombe, huweza kuilegeza zaidi misuli ya koo na kumchelewesha mtu kushtuka pale anapotakiwa kushtuka.

Zamu ya Usiku

Nawashukuru nyote. Jana mke wangu amerekodi, na nimehesabu sekunde 24 za kimya kabla ya mkoromo kurudi. Tuna miadi Jumatatu, tutaingia wote wawili. Nakiri pia kwamba mwezi jana nilisinzia kwenye usukani nikastushwa na honi.

Barakoa Kila Usiku

Basi Jumatatu mwache mkeo aendeshe, na hilo la honi liwe la kwanza kumwambia daktari.