Dadu moja, dadu mbili au karata: ipi iamue wanaokutana na wachezaji?

Mtumbwi_Kisumu: Wadau, naandaa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika (kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini), wachezaji wanne. Wanatoka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kwa mtumbwi, siku tatu ziwani. Asubuhi, mchana na usiku bahati iamue kama kuna tukio, yaani mara tisa kwa jumla. Dadu nilizo nazo ni zile za ludo, na karata zipo. Nitumie nini?

Menengai_Juu: Tenganisha maswali mawili: je, kuna tukio? Na ni tukio gani? Kwa la kwanza dadu moja inatosha. Ukisema tukio ni 1 peke yake, kwa mirusho tisa utapata wastani wa tukio moja na nusu, na kuna takriban 19% safari nzima ipite kimya. Ukisema 1 au 2, wastani ni matukio matatu na hatari ya ukimya inashuka hadi karibu 3%. Chukua hiyo.

Kwa la pili, dadu mbili. 7 hutoka mara 6 kati ya 36, ilhali 2 na 12 hutoka mara moja moja. Wavuvi na magugu maji wakae 6 hadi 8, kiboko 4 au 10. Dadu moja ingempa kiboko nafasi sawa na wavuvi, na ziwa haliko hivyo. Ila usifiche tukio unalolipenda kwenye 12, maana huenda lisitoke kamwe.

Shupaza_Nakuru: Mimi ni wa karata. Chukua maua 12, hizo ni kimya. Ongeza kopa 2 (wema), uru 2 (biashara), shupaza 2 (hatari). Jumla 18; ukivuta tisa, wastani ni ule ule wa matukio matatu. Tofauti ni kwamba iliyotoka hairudi: maua yakitoka sita mfululizo, karata inayofuata ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa tukio. Wasiwasi unapanda wenyewe, jambo ambalo dadu haiwezi kufanya. Kasoro yake ni wachezaji kuhesabu zilizobaki. Basi changa, kisha weka tatu kando bila kuzitazama.

Msitu_Kakamega: Mmesahau hali ya anayekutwa. Dungeons & Dragons (mchezo maarufu wa kuigiza wahusika) ilipotoka 1974 ilikuwa na mrusho wa dadu mbili kwa hilo: chini uadui, katikati mashaka, juu urafiki. Andika pia kila mstari wa orodha ya matukio pamoja na haja ya anayekutwa. "Kiboko" peke yake huishia vita. "Kiboko na ndama wake wameziba mlango wa ghuba" huwapa watu la kuamua. Au: "wavuvi wawili, wavu umenasa kwenye magugu maji, wanaomba kisu, jua linazama."

Menengai_Juu: Kweli, lakini mirusho mitatu kwa kila tukio inachosha meza. Rusha ya hali peke yake mbele yao. Mengine yaandae mapema.

Shupaza_Nakuru: Na ukishavuta, usirudie kwa sababu hukupenda kilichotoka. Usichoweza kukivumilia kitoe kabla ya kuchanga.

Mtumbwi_Kisumu: Basi karata kwa tukio, dadu mbili kwa hali. Shupaza ikitoka asubuhi ya kwanza?

Msitu_Kakamega: Iache. Rusha hali, ikifika 9 kwenda juu, hata mwizi wa nyavu anaweza kutaka kuelewana kwanza.