Mtama wa mabua matamu: nikate lini nipate unga na shira?

Mkulima_Ahero
Hamjambo wakulima wenzangu. Robo ekari ya mtama wa mabua matamu inakaribia kukomaa hapa Ahero. Nataka unga wa ugali na uji, na mabua yanipe shira ya chai. Nikate lini ili nisikose kimoja? Halafu shira ya majaribio ikipoa inakuwa kama jeli, na haikubali kugeuka sukari guru. Kasoro iko wapi?

Karai_Pana, Muhoroni
Jeli hiyo ni wanga. Juisi ya mtama ina wanga mwingi kuliko ya muwa, na sehemu ya sukari yake ni glukosi na fruktosi ambazo hazigandi kuwa chenga kirahisi. Usihangaike na guru, iache iwe shira.

Kata suke pamoja na pingili ya juu kabisa, pambua majani, ukamue siku hiyohiyo au kesho yake. Mashine ya juisi ya miwa inatosha. Chuja kwa kitambaa, kisha acha juisi itulie saa 2 hadi 3 kwenye ndoo ndefu. Chini utaona tope jeupe kama uji mwepesi: ndilo linaloleta jeli. Mimina ya juu taratibu, tope libaki.

Anza na moto mdogo. Povu la kijani hupanda kabla juisi haijachemka, liengue lote. Ikitokota kwa nguvu mapema, povu hurudi ndani na shira huwa chungu. Ukishaengua, ongeza moto. Tumia karai pana la stenlesi, maana chuma kitupu huitia weusi.

Wengi huunguza mwishoni kwa kufuata nyuzi 110 za Selsiasi za vitabuni. Hizo ni za pwani, huku juu maji huchemka kwa nyuzi chache zaidi. Kisumu maji huchemka karibu nyuzi 96, Nakuru karibu 94. Pima maji matupu kwanza, uongeze 8 hadi 10. Kwako ni kama 105. Bila kipimajoto, inua mwiko: matone mawili ya ukingoni yakiungana na kudondoka pamoja kama utando, epua. Lita 8 hadi 10 za juisi hutoa lita moja ya shira.

Jeli ikirudi, wakati mwingine simamisha upishi katikati, ipoe hadi nyuzi 60, tia maji ya kimea cha mtama (punje zilizooteshwa, huvunja wanga) yaliyochujwa vizuri, uache usiku kucha ndipo umalizie.

Suke_Jekundu, Siaya
Kuhusu kuvuna: suke hukomaa kuanzia juu kushuka, kwa hiyo chunguza punje za chini. Ukiona doa jeusi pale punje iliposhikia, nafaka imejaa. Kata siku hiyo. Ukingoja zikaukie shambani, ndege kwelea kwelea watakutangulia na bua litaanza kupoteza utamu. Anika hadi punje ipasuke kwa mlio ukiiuma.

Kama punje ni nyekundu yenye ukakasi, loweka kwenye maji ya majivu usiku mmoja, suuza, kausha, usage na mihogo mikavu.

Mkulima_Ahero
Asanteni sana. Machipukizi yatakayoota kwenye visiki, nilishe ng'ombe?

Suke_Jekundu, Siaya
Yakiwa chini ya sentimita 60, hapana kabisa. Machipukizi machanga yana sumu ya sianidi, na huzidi yakinyauka kwa ukame kisha yakachipua tena. Ng'ombe anaweza kufa muda mfupi tu baada ya kula. Mfunge mbali, umpe makapi ya mabua uliyokamua.