Kanda za Nixon hazisikiki darasani, naombeni ushauri

MwalimuNjiro: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia hapa Arusha. Nataka Kidato cha Sita wasikie wenyewe kanda alizorekodi kwa siri Rais Nixon wa Marekani. Nimepakua mazungumzo ya 23 Juni 1972, spika inatoa mvumo tu. Faili ni bovu? Na zile dakika 18 na nusu zilizofutwa niwaelezeje?

FundiKanda: Shikamoo mwalimu. Faili ni zima. Mwaka 1971 maikrofoni tano zilifichwa ndani ya meza ya rais na mbili kwenye taa za juu ya meko. Mashine za Sony TC-800B zilizungushwa polepole mno, inchi 15/16 kwa sekunde, ili mkanda uchukue saa nyingi. Hapo sauti nyembamba zikapotea, na ndizo zinazotenganisha "s" na "f". Kikombe kikitua mezani, kishindo kinafunika maneno, maana maikrofoni imo humo humo kwenye mbao.

Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata sauti zilizo chini ya hezi 150 na juu ya 4,000. Kisha punguza mvumo wa umeme kwenye 180, 240 na 300. Umeme wao ni hezi 60, wetu 50. Ukifuata hesabu ya 50 mvumo utabaki palepale. Kiondoa kelele tumia kidogo sana, kikizidi watu wanasikika kama wako chini ya maji.

Mama Kumbukumbu, Moshi: Mwalimu, anza na kanda ya simu. Zile zilinaswa kwenye waya wenyewe, ni safi. Halafu wasikilize mara ya kwanza bila karatasi ya maandishi. Akishasoma, sikio husikia alichosoma.

FundiKanda: Dakika 18 na nusu si za kanda yako, ni za 20 Juni 1972, Nixon akiwa na Haldeman, mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu yake. Katibu wake, Rose Mary Woods, alisema huenda alifuta kama dakika tano kwa bahati mbaya. Wataalamu wa mahakama, Januari 1974, walikuta ufutaji usiopungua mara tano, kwa mashine ya kurekodi ya Uher 5000. Kila kitufe cha kurekodi kinapobonyezwa na kuachiwa, kichwa cha kufutia huacha alama kwenye mkanda. Chukua redio kaseti, rekodi kimya juu ya maneno, uachie, urudie: wataisikia ile "tki" kila mara.

MwalimuNjiro: Marahaba, asanteni sana. Kaseti ninayo. Ya 23 Juni nicheze kipande gani?

Mama Kumbukumbu, Moshi: Pale Haldeman anapopendekeza CIA, shirika la ujasusi, iizuie FBI, shirika la upelelezi, kuchunguza kashfa ya Watergate, yaani uvunjaji wa ofisi za chama pinzani cha Democratic, na Nixon anakubali. Dakika tatu zinatosha. Ilitolewa hadharani 5 Agosti 1974. Tarehe 8 akatangaza kujiuzulu.