Nimealikwa kuwinda kulungu kwa upinde. Niende?

Baba Imani, Kalamazoo

Ndugu zangu, salamu. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi zamu ya usiku amenialika niende naye na wanawe kuwinda kulungu msimu ukifunguliwa. Kwa upinde, si bunduki. Mara ya mwisho kushika upinde ilikuwa Morogoro, ule wa kijiti na kamba tuliokuwa tukilengea ndege. Nina maswali matatu: karatasi gani zinatakiwa, nivae nini, na je, mke wangu ataila nyama yenyewe? Yeye Mwislamu. Mimi mnanijua, nakula chochote.

Baba Mwende, Lansing

Baba Imani, nenda.

Karatasi nizimalize haraka. Kama umezaliwa 1960 au baadaye, Michigan inakutaka uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Kama huna, kuna leseni ya mwanagenzi: unaitumia misimu miwili, mradi ufuatane na mtu mzima mwenye leseni kamili. Upinde ni kuanzia 1 Oktoba hadi 14 Novemba. Tarehe 15 wanaingia watu wa bunduki mpaka mwezi uishe, na siku hizo hata wewe wa upinde unavaa rangi ya chungwa. Desemba msimu wa upinde unarudi. Ukimwangusha mnyama unamfunga tagi, kile kikaratasi kinachokuja na leseni, palepale, na ndani ya saa 72 unaripoti mtandaoni. Usimwage mahindi wala karoti kumvutia. Upande wetu huu wa kusini mwa daraja la Mackinac imekatazwa tangu 2019. Soma kijitabu cha mwaka huu kabla ya kulipa, maana sheria hubadilika. Wenye viza za muda wanaoogopa habari za silaha: sheria ya shirikisho haiuhesabu upinde kuwa bunduki, ila muulize wakili wako, usiniulize mimi.

Sasa uwindaji wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza mwenyeji wangu alinipandisha kwenye dungu. Ndiyo, dungu kama lile la kuamia ndege shambani, ila hili la chuma, limefungwa kwenye mti karibu mita tano juu. Akanifunga mkanda wa kifuani na mapajani, akaniambia nikiufungua hata kwa kujikuna hatanichukua tena. Nilikaa gizani nikitetemeka. Kulipokucha nikasikia kishindo kwenye majani makavu, moyo ukanipasuka, nikainua upinde. Alikuwa kindi. Kindi mmoja akikanyaga majani ya Oktoba utaapa ni ng'ombe. Kulungu mwenyewe alipokuja sikusikia kitu. Niligeuza shingo nikamkuta kasimama hatua ishirini, ananiangalia, akaondoka zake. Upepo ulikuwa ukitoka kwangu kwenda kwake. Siku hiyo sikurusha hata mshale mmoja, na siku nyingi zilizofuata pia sikurusha.

Ninachotaka ushike ni hiki: ukishapiga, usimfuate upesi. Mimi nililijua hilo kwa aibu.

Mwaka 2014 baba yangu alikuja kututembelea kutoka Kitui. Babu alikuwa mwindaji wa mishale ya sumu, na baba alimfuata porini tangu mdogo, kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji 1977. Nikampa upinde wangu aushike. Akaugeuzageuza, akatazama yale magurudumu mawili na zile kamba zinazopishana, akasema, "Hii ni baiskeli." Kisha akauliza sumu tunapaka wapi. Nikamwonyesha chembe cha mshale chenye nyembe tatu, nikamweleza kwamba huku mnyama anakufa kwa kutoka damu. Akakigusa kwa kidole gumba, asiseme kitu.

Jioni moja tulikwenda sote: mwenyeji wangu, mtoto wake, baba, na mimi. Baba hakuwa na leseni, alikuja kuangalia tu. Jua linazama nikampiga dume la pembe sita. Aliruka akaingia kwenye shamba la mahindi. Nilishuka nikauokota mshale: damu imeiva weusi, na unanuka tumbo. Kwa hapo kila mwindaji anajua. Ukimpata mapafuni nusu saa inatosha; tumboni unarudi nyumbani unalala, unakuja asubuhi, kwa sababu asiposumbuliwa atalala karibu na kufia hapohapo. Mwenyeji wangu akalieleza hilo kwa Kiingereza. Baba, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikuwa ameshakaa chini juu ya gogo kabla yule hajamaliza. Wao na sumu yao pia walikuwa wakikaa, wanaiacha ifanye kazi.

Mimi nilikuwa na tochi mpya.

Nikaingia. Sikufika hatua mia nikamsikia akiinuka mbele yangu, mahindi yakavunjika, kisha kimya. Damu ikakatika. Tulimtafuta siku mbili, watu wanne, mstari mmoja, mtu anatembea ameinama. Siku ya tatu kunguru ndio waliotuonyesha, na koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa huku, walikuwa wameshakula. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Ndani ya gari baba aliniuliza swali moja tu: ile tochi uliinunua bei gani?

Mama Shamsa, Grand Rapids

Assalaam alaykum. Baba Imani, kwetu tunaila. Nilivyofundishwa chuoni, mshale ni njia ya kuwinda inayojulikana, na hadithi ya Adiy bin Hatim iliyomo katika Bukhari inaeleza: umtaje Mwenyezi Mungu unapouachia, na uue kwa makali yake, si kwa ubavu wake. Ukimkuta bado ana uhai, mchinje. Na hata ukimpata baada ya siku mbili tatu, kama hana alama nyingine ila ya mshale wako, unakula. Ukimkuta kazama majini, muache. Sasa wewe si Mwislamu, kwa hiyo huyo mkeo aulize sheikh wake kwanza. Mume wangu ndiye anayepiga kwetu.

Jikoni: mafuta yake meupe yaondoe yote, yanaganda kwenye kaakaa kama mshumaa. Nyama yenyewe haina mafuta, mishikaki inakauka mara moja. Papai bichi na tangawizi usiku kucha. Paja lipikie pilau.

Papa Furaha, Grand Rapids

Bandugu, miye naongeza mbili tu. Ya kwanza: nyama ya kuwinda huku haiuzishwe, hata kilo moja, hata mushikaki ya kanisa. Unapana bure. Ya pili: kuko ile ugonjwa ya bongo ya kulungu. Ya kwanza ya pori hapa Michigan balimuona 2015, kule karibu na Lansing kwa Baba Mwende. Haiyaonekana kwa mutu, lakini basema ya ule mwenye ugonjwa musikule. Kichwa mupeleke bapime, mungoje jibu, njo mufungue friza.

Baba Imani

Asanteni sana. Mke kacheka, kasema atamuuliza sheikh wake, na kama ni ya mshale wangu atakula maharage. Bado nguo hamjaniambia. Na Baba Mwende, tochi ilikuwa bei gani?

Baba Mwende

Nguo usinunue za madoadoa za bei kubwa, yule mzee atakuazima. Pesa yako weka kwenye viatu na soksi za sufu. Miguu ikishika baridi utashuka saa mbili asubuhi. Zifue kwa sabuni isiyo na harufu, uzitundike nje, usipike samaki karibu nazo. Na nenda chooni kabla ya kupanda.

Dola 79. Baba nilimwambia ishirini.